Mgeni wa Kwanza ni Mwenyeji

Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" imekuwa siku hizi kama kibwagizo cha biashara ya utalii. Hukaririwa mikutanoni, hupambwa katika mabango, na kila inaposemwa watu hupiga makofi. Lakini wahenga walioitunga walimfikiria mwenyeji aliye ndani ya nyumba yake, aijuaye kila pembe yake, ambaye ujio wa mgeni humletea baraka na kitoweo. Hawakumfikiria mwenyeji asiyepata hata siku moja kuvuka kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, akabaki mlangoni akikata tikiti. Mtu wa namna hiyo hastahili kuitwa mwenyeji. Huyo ni bawabu.

Nathubutu kusema kwamba sisi Watanzania tumeanza kuwa mabawabu wa historia yetu. Tunayo mahame ya miji ya mawe katika pwani yote, kuanzia Tongoni karibu na Tanga hadi Kilwa na Mikindani. Tunayo michoro ya miambani huko Kondoa, mifereji ya kale ya Engaruka, zana za mawe za Isimila, na bonde la Oldupai ambalo dunia nzima hulitazama inapotaka kujua binadamu alitoka wapi. Na kila tunapoyataja haya, twayataja kwa neno moja: vivutio. Neno hilo latufichua. Kivutio ni kitu cha kumvuta mtu aliye mbali. Aliye karibu havutwi, maana hapo ni kwao. Tunapoliita kaburi la wazee wetu kivutio, tumekwisha kulitazama kwa macho ya mtu aliyeshuka melini asubuhi na atakayeondoka jioni.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba makala haya hayapingi utalii. Fedha za kigeni zina kazi yake, na mgeni mwenye adabu anastahili kupokewa kwa adabu. Linalopingwa ni ule mpangilio wa heshima unaomweka mgeni mbele na mwananchi nyuma. Dai langu ni moja: msafiri wa kwanza mwenye haki, na tena mwenye wajibu, wa kufika mahali petu pa kale ni mwananchi; na miongoni mwa wananchi, wa kwanza ni mwanafunzi. Asipofika yeye, mahali hapo hapatapona, hata kama wageni watakuja kwa maelfu.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya Dar es Salaam. Niliwaomba wanitajie majengo makuu ya kale wanayoyajua. Mikono ilinyooshwa mingi. Walitaja piramidi za Misri, wakataja Ukuta Mkuu wa China, na mmoja akataja kuta za Zimbabwe Kuu, jambo ambalo lilinifurahisha. Nikauliza ni nani amekwisha kufika kwenye magofu ya Kunduchi. Darasa zima lilinyamaza. Kisha kijana mmoja akauliza kwa upole kama Kunduchi si soko la samaki.

Kunduchi iko katika jiji hilo hilo walimozaliwa. Mtu huweza kwenda kwa daladala akarudi kabla ya adhuhuri. Huko kuna gofu la msikiti na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe, zilizopambwa kwa vyombo vya kaure vilivyovuka bahari kutoka China. Makaburi ya nguzo za namna hiyo ni ufundi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wanafunzi wale walikuwa wamesoma habari za biashara ya Bahari ya Hindi, na bila shaka waliweza kuijibia mtihani. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba biashara hiyo imeacha alama zake umbali wa nauli ya daladala.

Sikuwalaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepita umri wa miaka arobaini nilipokanyaga Kilwa Kisiwani kwa mara ya kwanza, na sikupelekwa na mwalimu wala mzazi. Nilikwenda kwa sababu nilikuta habari zake katika kitabu cha mgeni aliyewaandikia wageni wenzake. Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonisukuma kuandika maneno haya. Basi na tuzipime hoja zinazotolewa kutetea hali hii, moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba mambo haya si yetu. Huambiwa kwamba miji ya mawe ilijengwa na Waarabu na Waajemi, kwa hiyo Mmakonde, Mgogo au Msukuma hana fungu lake humo. Hii ni kasumba tuliyoachiwa na ukoloni. Wakoloni hawakupenda kukubali kwamba Mwafrika aliweza kujenga mji, kufua chuma, kusimamia bandari na kupiga sarafu. Walipokuta gofu zuri walimtafutia mjenzi kutoka ng'ambo, kama jirani mwenye husuda ambaye akiona mwenzake amevaa shati jipya husema ameazima.

Ushahidi wa ardhi wasema vingine. Uchimbaji uliofanywa Kilwa na Neville Chittick, hasa katika miaka ya 1960, ulionyesha kwamba chini ya majengo ya mawe kulikuwa na mji wa nyumba za miti na udongo, uliotumia vyungu vya kienyeji, karne kadhaa kabla ya kasri kubwa kujengwa. Mji haukushuka kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua hapo hapo, kama mti. Mawe yake ni matumbawe ya bahari ile ile, chokaa yake ilichomwa pale pale, na boriti zake zilikatwa katika mikoko ya jirani. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri, akaeleza kwamba wakazi wake wengi walikuwa watu weusi wenye chale usoni. Mtawala wa wakati huo, Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ndiye mwenye jina linalohusishwa na kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Sarafu yenye jina lake iliokotwa Zimbabwe Kuu, mbali sana barani, na hiyo ni ishara ya njia iliyoiunganisha bandari hii na nchi za dhahabu za kusini.

Je, wageni hawakuwapo? Walikuwapo. Walikuja, wakaoa, wakazaa, wakaleta dini na maandishi. Utafiti wa chembe za urithi kutoka katika makaburi ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba watu wengi waliozikwa humo walikuwa na asili mbili: upande wa mama zaidi ni Afrika, na upande wa baba zaidi ni Asia, hasa Uajemi. Wako watakaolishika hilo la baba na kulitangaza. Mimi nauliza: tangu lini mtoto amenyang'anywa haki ya kwa mamaye kwa sababu babaye alikuja kwa jahazi? Taifa zima la Watanzania ni la watu waliokutana. Kilwa ni mojawapo ya mahali pa kwanza tulipokutana, na anayesema si petu amekikana kitovu chake.

Tena hoja hii, hata kama ingekuwa na ukweli kwa pwani, haina pa kusimama barani. Nani atasema kwamba mgeni ndiye aliyechora twiga na pofu juu ya miamba ya Kolo? Nani aliyepanga mawe ya Engaruka, au kujenga ngome ya Kalenga iliyowatia Wajerumani hofu hata wakaileta mizinga mwaka 1894? Lakini mahali hapa napo hatuendi. Basi inadhihirika kwamba suala la asili ni kisingizio tu. Ugonjwa wenyewe ni mwingine.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti kubwa zaidi: mawe hayaliwi. Twaambiwa kwamba nchi yenye shida ya madawati, dawa na maji haina nafasi ya kuhangaikia magofu. Kwamba mkulima anahitaji mbolea, hahitaji historia. Hoja hii ina sura ya huruma, na kwa hiyo yataka kujibiwa kwa heshima.

Anayesema hivyo na aende Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Atakuta mabaki ya mashamba yanayokadiriwa kuenea kilomita za mraba zipatazo 20. Ni nchi kavu, yenye mvua haba. Lakini wakulima walioishi pale kati ya karne ya 15 na ya 18 waliyakamata maji ya vijito yanayoshuka kutoka milimani, wakayaongoza kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, wakayagawa katika vitalu vilivyosawazishwa na kuzungushiwa mawe ili udongo usichukuliwe. Hawakuwa na saruji wala mashine. Walikuwa na akili, mikono, na utaratibu wa kugawana maji bila ya kuuana. Maarifa ya jamaa hiyo hayajafa katika nchi yetu. Wasonjo na Wachagga wameendelea kuongoza maji kwa mifereji hadi zama zetu.

Sasa nauliza: mwanafunzi wa kilimo anayehubiriwa kila siku kwamba babu yake alikuwa mtu wa kungoja mvua, akipelekwa Engaruka akaiona mifereji hiyo kwa macho yake, atarudi na nini? Atarudi akijua kwamba kupambana na ukame hakukuanza na mradi wa jana. Na akiuliza kwa nini watu wale waliondoka, atajifunza jambo zito zaidi: kwamba maji yakipungua au udongo ukichoka, hata ustadi mkubwa hutoweka. Hilo ni somo la chakula. Kweli mawe hayaliwi, lakini aliyeyapanga alikula kwa karne tatu.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote siku hizi, na ndiyo hasa iliyonifanya niishike kalamu. Yasema: tuwaachie watalii. Watalipa, na fedha zao zitatunza mahali hapa. Kisha mwananchi naye atafaidika. Kwa ufupi, gofu lisiloleta fedha na lianguke, na lile liletalo fedha litajilinda lenyewe.

Kwanza, fedha za mgeni ni kama mvua za vuli, huja zikipenda. Mwaka 2020 maradhi yalipoenea duniani, ndege zilisimama na wageni wakapungua ghafla. Chumvi ya bahari haikusimama. Mizizi ya miti haikungoja viwanja vya ndege vifunguliwe. Kama mlinzi wa urithi wetu ni mtalii, basi mlinzi huyo alilala nyumbani kwake Ulaya wakati mwizi akiwa uwanjani.

Pili, hata pale wageni wanapojaa, fedha peke yake haziokoi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hakuna mji wa kale katika nchi yetu unaotembelewa na wageni kuushinda. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Jumba la Maajabu, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katikati ya ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Siwanyoshei kidole mafundi waliokuwa kazini. Nasema tu kwamba kama idadi ya wageni ingekuwa nguzo, jumba lile lisingeanguka kamwe.

Tatu, na hili ndilo zito, linalomfaa mtalii si lazima liufae urithi. Fikiri juu ya nyayo za Laetoli. Zilifukuliwa tangu mwaka 1978 na kundi la Mary Leakey: nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, katika njia yenye urefu wa karibu mita 27. Hakuna mtalii duniani asiyetamani kuziona. Lakini ziliachwa wazi zingeliwa na jua, mvua na miguu. Kwa hiyo zilifunikwa. Na miti ilipoota juu yake na mizizi kuanza kuzitishia, wataalamu katika miaka ya 1990 waliiondoa, wakazitengeneza na kuzifukia tena kwa uangalifu mkubwa, na wazee wa Kimaasai wa mahali hapo wakashirikishwa katika kupaombea baraka. Leo mgeni huona nakala tu. Katika hesabu ya duka, hiyo ni hasara: bidhaa bora imezikwa. Katika hesabu ya taifa, hiyo ni busara. Mwenye duka asingeweza kuifanya. Ni mwenye mali tu awezaye kuficha mali yake ili wajukuu waikute.

Basi ni nini kiyaokoayo mahali pa kale, kama fedha hazitoshi? Ni jirani anayejua kwamba pale ni pake. Nitatoa mifano miwili, mmoja wa ubaya na mmoja wa wema.

Mfano wa ubaya ni wale wachimbaji wa usiku. Karibu katika kila wilaya ya nchi hii utawakuta watu wanaoamini kwamba Wajerumani, walipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walifukia mali chini ya mawe na miti mikubwa. Huchimba. Wamechimba hata chini ya miamba yenye michoro huko Kondoa, mahali ambapo pamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na ambapo wenyeji wengine bado huenda kuomba mvua na afya. Tazama jinsi kasumba ilivyotupofusha! Mtu anasimama mbele ya ukuta uliochorwa na mikono ya watu wa nchi yake zamani za kale, anaugeuzia kisogo, anainama kutafuta sanduku la Mjerumani. Amefundishwa kwamba thamani yoyote iliyomo katika ardhi yake ni lazima iwe imeletwa na mwingine. Huyo hatazuiwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 peke yake, maana sheria haikeshi miambani. Angezuiwa na darasa moja tu, kama angelipata akiwa na umri wa miaka kumi na minne.

Mfano wa wema uko Songea. Mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Vita vya Maji Maji, wakawafukia katika kaburi la pamoja. Kila mwezi wa Februari watu hukusanyika mahali hapo kuwakumbuka. Hawakusanyiki kwa sababu meli imetia nanga. Hukusanyika kwa sababu hao ni watu wao. Mahali hapo hapawezi kupotea, maana hata ukiubomoa mnara, wapo watakaoonyesha kwa kidole ulipokuwa. Na Kilwa nayo yatufundisha jambo hilo hilo. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004, kwa sababu ya mawimbi yaliyokuwa yakimega ukingo na kuta zilizokuwa zikianguka, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Na mwaka 2014 yakaondolewa katika orodha hiyo. Misaada ya nchi za nje ilikuwapo, lakini mikono iliyobeba mawe na kukoroga chokaa ilikuwa pia ya wenyeji wa visiwa vile. Mtu aliyeutengeneza ukuta kwa mikono yake hatabandua jiwe lake kujengea jiko.

Wengine huridhika kulia juu ya vile vilivyochukuliwa. Kilio hicho kina haki yake. Huko Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, Wajerumani walichimbua mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Mamia ya Waafrika walichimba na kubeba, na mmoja wa wasimamizi wao hodari aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwenda Berlin, na huko mifupa ya mjusi mmoja mkubwa, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimama katika jumba la makumbusho tangu mwaka 1937. Ni haki kuuliza habari za mifupa ile. Lakini anayeuliza na ajiulize pia: ni wanafunzi wangapi wa Lindi waliokwisha kuonyeshwa kilima cha Tendaguru kiko upande gani?

Linganisha na fuvu la Mtwa Mkwawa. Baada ya kifo chake mwaka 1898 kichwa chake kilichukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu hilo lirudishwe, na hatimaye mwaka 1954 likarudi Uhehe, likawekwa Kalenga. Miaka hamsini na sita ilipita, lakini Wahehe hawakulisahau. Kitu hurudishwa kwa wale wanaokikumbuka. Anayesahau hana cha kudai, kwa kuwa hajui hata kilichopotea.

Nageuka sasa kwenu, walimu na wanafunzi, maana kwenu ndiko yaliko matumaini ya hoja hii. Mwalimu atasema: shule haina gari, wala fungu la safari. Najibu kwamba hakuna anayetakiwa kuizunguka nchi nzima. Mwalimu wa Dar es Salaam na aanze Kunduchi. Wa Bagamoyo anaweza kuwapeleka wanafunzi wake Kaole kwa miguu. Wa Kilwa Masoko anakiona Kisiwani ng'ambo ya mkondo kila afunguapo dirisha. Kolo iko kando ya barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Arusha, na Isimila iko kando ya barabara ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Na penye wilaya isiyo na gofu lenye jina, pana kaburi la mtemi, pana tanuri la kufulia chuma, pana pango walimojificha watu wakati wa vita. Anzeni na la karibu.

Lakini nendeni kama wenyeji, msiende kama watalii wadogo. Safari ya kupiga picha na kunywa soda haitoshi. Mwanafunzi na asome kabla ya kwenda. Afikapo apime, achore, aulize. Na arudipo amhoji mzee wa mtaa, aandike, na alichoandika kiwekwe katika maktaba ya shule. Asiokote hata kigae kimoja, maana kigae kikiondoka mahali pake huwa kama neno lililochanwa kutoka katika barua. Na aandike kwa Kiswahili. Kitabu kikuu cha uchimbaji wa Kilwa kilichapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili, kwa Kiingereza. Kitabu mashuhuri cha Mary Leakey juu ya michoro ya Kondoa kilitoka mwaka 1983, nacho kwa Kiingereza. Hata jina la Oldupai, ambalo kwa Wamaasai ni jina la mkonge wa porini, lilisikika vibaya katika sikio la Mjerumani mwaka 1911 na kosa lake likaenea dunia nzima. Kama hatutayaandika mambo yetu kwa lugha yetu, tutaendelea kuyasoma kwa makosa ya wengine.

Asiwepo kijana wa kusema kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Zana za mawe za Isimila zilijulikana kwa ulimwengu mwaka 1951 kwa sababu mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akipita njiani kwenda kwao Afrika Kusini, alishuka katika korongo akatazama chini. Wangapi kati yetu walikuwa wamepita barabara ile kabla yake? Tofauti kati yake na sisi haikuwa fedha wala shahada. Yeye alitazama.

Kuna masimulizi ya kale juu ya Kilwa, yasemayo kwamba mtu aliyekuja kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji wake kwa nguo nyingi kiasi cha kuweza kukizunguka chote. Wanahistoria wana maoni yao juu ya hadithi hiyo, nami sitaiingilia. Ila kila nikiikumbuka nawaza juu ya yule mwenyeji. Alipokea nguo, akaondoka, na wengi wanaosimulia kisa hiki hawalikumbuki hata jina lake. Leo hakuna anayetuletea nguo; tunaletewa viingilio vya mlangoni. Bei imebadilika, lakini biashara ni ile ile, kama tutakubali kuondoka. Mgeni na aje, naye akaribishwe kwa moyo mweupe. Lakini atakapobisha hodi, aitikiwe kutoka ndani.